Siku Nilikataa Mulango

Acha niseme mwenyewe kabla wenzangu wa darasa hawajawaeleza vibaya zaidi: nilichagua ubao wangu wa kwanza wa tanga kama vile watu wanachagua viatu vya kwenda navyo ndoa, kwa rangi, na juu ya hiyo nikadanganya kwamba najua tayari kuupanda (nilikuwa nimeangalia video mbili kwenye simu, na ya pili chaji iliisha katikati).

Tonton Dédé, kaka mdogo wa maman anayeishi Ubelgiji, alikuja na mbao mbili za kuteleza juu ya maji kwa upepo, kila moja na tanga lake, na Jumatatu anarudi. Akaziweka kando ya ziwa, kwetu Nyalukemba.

"Chagua moja, itabaki yako. Ingine inaenda kwa rafiki yangu wa Goma."

Moja ilikuwa pana, nene, nyeupe kama mulango wa choo, na katanga kadogo. Ingine nyembamba kama kisu, nyekundu, na tanga kubwa kupita nyumba yetu.

"Mutu wa kuanza anapanda hii pana," tonton akasema. "Inamubeba."

"Tonton, mimi si mutu wa kuanza. Na siwezi kupanda mulango, watu wananiangalia."

Hao watu nilikuwa nimewaita mimi, darasa nzima. Wale wa ndoa sikuwaita, walikuja tu kupiga picha kando ya maji: maharusi, fanfare na tarumbeta zake, na wamama wa pagne moja, kitenge cha sare, na katikati yao maman yangu.

Nikapanda kisu, kikazama chini ya miguu yangu, nikaanguka. Nikapanda tena, nikavuta tanga, likatoka na nusu ya ziwa ndani, likanilalia. Darasa wakaanza kuhesabu kuanguka kwangu: "Un! Deux! Trois!" na kufika ya saba wamama wa pagne walikuwa wameshika sauti ya pili, na kufika ya kumi na moja mpiga picha alikuwa amegeuza kamera (bibi harusi mwenyewe alishika gauni, akasogea aone vizuri). Kufika ya kumi na tano upepo umenisukuma mbali, naona Rwanda, ng'ambo ya ziwa, inakuja, na mimi sina hata karatasi ya mpaka, niko na gilet ya kuelea na kaptula tu.

Muzee mmoja wa pirogue, mutumbwi wake umejaa nyavu za vidagaa vya sambaza, akapita polepole.

"Petit, unafua nguo?"

"Muzee, nisaidie!"

"Maliza kwanza kufua."

Kwa hasira nikajaribu mara tatu tena, nikaanguka mara tatu, ikafika dix-huit, kumi na nane, ndipo akanirushia kamba. Nilivutwa mpaka kando, fanfare ikanipigia ule wimbo wa kupokea maharusi.

Tonton alikuwa tayari anafunga ule mulango mweupe kwa kamba juu ya gari, uende Goma. Nikaapa pale pale, maji yakitoka puani: kitu cha kunibeba, sitakiuliza rangi tena maishani. Lakini kiapo hakifungui kamba. Ndipo maman akakuja, pagne imekunjwa mpaka magotini.

"Dix-huit mara umeanguka," akasema, "na dix-huit mara umepanda. Hesabu za shule ungezipanda hivyo, tungekuwa mbali. Dédé, teremusha ule mulango."