Bakuli Nililolificha Chini ya Sinki

Kuna Jumapili moja ambayo nikiikumbuka mikono hunipoa, hata nikiwa nimeshika kikombe cha chai ya moto. Leo nimeikumbuka kwa sababu yako, mwanangu. Nilikuwa nimeketi hapa nje ya chumba chetu mtaani Kianda, nachambua majani ya sukuma, huku nikisikia mashine yako ikivuma ndani ukipiga krimu ya kuweka juu ya zile stroberi unazowauzia watoto kwa vikombe pale karibu na shule. Mara mashine ikanyamaza. Nikauliza kama kuna shida. Ukanijibu haraka, "Niko sawa aunti, usiingie!"

Hilo "usiingie" limenitia hofu. Nalijua, kwa sababu niliwahi kulisema mimi mwenyewe, kwa sauti hiyo hiyo. Basi usifungue mlango bado. Kaa hapo unisikilize kupitia mabati, na usinikatize, maana nikikatizwa huwa naanza upya.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka nyumbani upande wa ziwa, nimepanga chumba Kawangware, hapa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mama Wambui. Ploti ilikuwa ya familia yao tangu zamani, lakini yeye hakujua kukaa bure. Kila asubuhi alitembea hadi Lavington, mtaa wa matajiri, kupika katika nyumba ya watu, na ndiye aliyenitafutia kazi ya kufua na kuosha vyombo katika nyumba hiyo hiyo. Alimwambia mwajiri, "Huyu namjua, analala kwa ploti yangu." Kwa hivyo kazi yangu, chumba changu na jina langu vilitegemea neno la mtu mmoja. Nilimwogopa Mama Wambui kuliko nilivyomwogopa mwajiri, ingawa hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja.

Jumapili hiyo madam, ndivyo tulivyomwita mwajiri, alikuwa na wageni wa mchana: dada yake, pamoja na binti wa huyo dada, mtoto wa miaka sita aliyeitwa Kendi. Baada ya chakula wangeletewa stroberi na krimu. Mama Wambui aliniachia krimu asubuhi alipokuwa akienda kanisani. Bakuli la kioo lilikuwa limelala kwenye friji ili liwe baridi, na krimu yenyewe, tuliyoiengua juu ya maziwa, ilikuwa humo pia.

"Weka sukari kijiko kimoja, upige na hii ya waya," akaniambia. "Ikianza kusimama, wacha hapo hapo. Usiongeze hata kidogo."

Nilisikia, mwanangu. Siwezi kukudanganya eti sikusikia. Lakini mimi nilikua nikitikisa maziwa ndani ya kibuyu kilicholazwa mapajani, na nyanya yangu alinichapa kofi la bega kila nilipoacha mapema. Kwetu aliyeacha mapema alikuwa mvivu, basi. Kwa hivyo krimu ilipokuwa nzito, ikainua kichwa kwenye waya na kukiinamisha kidogo, niliiona laini mno. Nikasema acha nimwonyeshe Mama Wambui kwamba nina mikono. Nikapiga, nikazidi kupiga. Ikapoteza ulaini, ikageuka manjano kidogo, kisha ikakatika: chembechembe upande huu, maji meupe upande ule.

Krimu nyingine haikuwapo, na geti lilikuwa linafunguliwa. Mama Wambui alirudi akasimama nje ya mlango wa jikoni, anavua viatu vyake vya kanisa.

"Akeyo, krimu iko sawa?"

"Iko sawa mama, usiingie, nimemwaga maji hapa chini!"

Nikachukua lile bakuli nikalisukuma chini ya sinki, nyuma ya bomba, nikalifunika na kitambaa cha kupangusia. Kisha nikakumbuka jinsi Mama Wambui alivyokuwa akipiga ute wa mayai kwa ajili ya keki, ukafura mweupe pe. Nikavunja mayai mawili, nikatenga ute, nikatia sukari, nikapiga. Ulisimama vizuri kuliko hata krimu. Nikajiona mjanja kweli! Mama Wambui alipoingia niliuweka mbele yake, naye, akiwa na haraka ya kupakua wali, akaitikia kwa kichwa tu kwamba ni sawa.

Wakati wa stroberi ulipofika nilibeba sinia mwenyewe. Nilipoliweka mezani, mama yake Kendi akaniangalia.

"Hii haina mayai? Huyu mayai humfunga kifua, hata kidogo tu."

Mama Wambui alikuwa nyuma yangu na birika la chai. Madam alikuwa ananitazama. Ningesema yamo, lile bakuli lingetolewa chini ya sinki, na mimi ningerudi nyumbani na begi langu.

"Haina," nikasema. "Ni krimu peke yake."

Nikarudi jikoni, nikasimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Nilijiambia kwamba akina mama wa Lavington huwachunga watoto kupita kiasi. Nilijiambia ute si yai, yai ni kile kiini. Mtu mwoga hakosi la kujiambia. Nikamwona Kendi akichagua stroberi kubwa, akaichovya, akalamba, akacheka. Akachovya tena. Kisha akaanza kujikuna mdomo.

Alikohoa mara moja, halafu hakuacha. Mdomo wa juu ukavimba nikiuona kwa macho yangu, na kila alipovuta pumzi kilitoka kimlio chembamba. Sijasahau kimlio hicho. Mama yake aliinuka hadi kiti kikaanguka.

"Amekula nini? Kwani amekula nini?"

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo nisipopenda kupafikia. Hata hapo nilinyamaza. Mtoto wa watu anakosa pumzi mbele yangu, jibu liko kinywani mwangu, na mimi nafikiria chumba cha Kawangware. Mama Wambui ndiye aliyegeuka akaja hadi mlangoni. Hakufoka. Alinishika mkono juu ya kiwiko.

"Akeyo. Uliweka nini?"

"Mayai," nikasema. "Mabichi. Mawili."

Mama yake Kendi hakuningoja nimalize. Alimwaga mkoba wake wote sakafuni, akaokota chupa ya dawa, akamnywesha mtoto, wakambeba hadi kwenye gari na kwenda hospitali. Tukabaki mimi na Mama Wambui na sinia lile, nikamwonyesha bakuli la chini ya sinki. Mchana ule wote kila gari lililopita nje nilidhani limeleta habari ya msiba, na nilikuwa nikisali huku nikiona haya kusali. Simu ililia jua likiwa limeanza kuinama. Mtoto anapumua vizuri, amelala. Nikakaa sakafuni nikalia.

Madam aliporudi alinifukuza, na alikuwa na haki. Aliniambia, "Krimu ningekusamehe hata kesho ungeharibu tena. Lakini ulimwangalia dada yangu machoni ukamwambia haina."

Asubuhi iliyofuata, huko Kawangware, nilikuwa nimekunja blanketi na kufunga begi, nikingoja Mama Wambui aje kudai chumba chake. Alibisha. Aliingia na nusu mkate na kisahani kilichofunikwa. Aliketi kwenye kitanda changu, akakata mkate, akaupaka kitu cha manjano hafifu, akanipa. Kilikuwa kitamu, kina sukari kidogo, na nilikitambua mara moja, maana nimekula kitu hicho tangu nikiwa mtoto. Ilikuwa siagi.

"Nimeitoa chini ya sinki," akasema. "Nimeiosha na maji baridi tu. Kula. Hii ndiyo ulikuwa unaogopa."

Akanikatia kipande kingine.

"Ungeniita tu. Tungewapa stroberi na sukari, na mkate na siagi, na wangeshukuru. Wewe umetengeneza siagi maisha yako yote, lakini jana hukuiona. Sasa fungua hilo begi. Mimi sifukuzi mtu ambaye amejua makosa yake, lakini ukinidanganya tena jikoni, hata huo mlango utausahau."

Hivyo ndivyo nilivyobaki Nairobi, mwanangu, na ndiyo sababu hadi leo siwezi kupita jikoni pa mtu bila kuuliza kumewekwa nini.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu kikiharibika mikononi mwako, kitoe nje kionekane kikiwa bado ni kitu cha kuchekwa. Mwite mtu, sema nimeharibu. Utaona aibu kidogo, labda utatukanwa, kisha mtatafuta la kufanya. Usikifunike kwa kitambaa na kuanza kupika kingine juu ya uongo. Na mtu akikuuliza mtoto wake anakula nini, mjibu ukweli papo hapo, hata kama ukweli huo utakufungia biashara leo leo. Wanaokula kwenye vikombe vyako ni watoto, na mama zao hawapo pale kwenye geti la shule kukuuliza. Huwa nalala nikiliwaza hilo, na sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa ungeniona mtu mbaya. Unaona? Hata mimi bado kuna bakuli nililokuwa nimeficha.

Mungu aibariki mikono yako, awalinde wote wanaokula kutoka kwayo, na aupe mdomo wako wepesi ambao wangu haukuwa nao siku ile.

Haya, sasa fungua mlango uje na hiyo krimu iliyokatika. Nimeshakata mkate.