Kumpeleka Malkia Uhamishoni Nizwa

Nilisafiri kwenda Nizwa kwa ajili ya malkia wa nyuki, kwa sababu nilimwahidi mke wangu kwamba hatauawa.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Ibra tuna mzinga mmoja, na asali yake ilikuwa imepungua. Said, mume wa binti yetu, alikuja kututembelea kutoka Sur akatoa fatwa kahawa haijapoa: malkia kazeeka, hatagi tena vya kutosha, auawe, atawazwe kijana. Na huyo kijana alikuwa amekwisha kumnunua, yumo mfukoni. Wazee wangu waliikimbia Unguja baada ya Mapinduzi, lakini siku ile nilikaa upande wa wapinduaji nikila tende.

"Kwa hivyo mwanamke akishazaa, akazeeka, ananyongwa?" akauliza Bi Zuwena, mke wangu.

"Mama, huyu ni nyuki."

"Nimekuuliza swali, Said. Sikukuuliza jina lake."

Hapo nikamkumbuka rafiki yangu wa Nizwa, Maalim Khalfan, ambaye mzinga wake mmoja ulikuwa umefiwa na malkia. Nikatangaza kwamba wetu atahamishwa, akatawale kule.

"Unaniahidi?" akasema Bi Zuwena.

Nikaahidi.

Baada ya sala ya alfajiri nikaondoka. Malkia alikuwa katika kizimba cha waya kinachoenea kiganjani, pamoja na watumishi wachache na donge la sukari. Nilimfunga mkanda kiti cha mbele. Barabara ya Sinaw ilikuwa tupu, mchanga umeingia lami mahali mahali. Nilizima redio nisimtie huzuni kwa habari za wafalme wengine, nikawasha kiyoyozi kwa ajili yake, na mimi nikajifunika shali.

Izki nilisimama kwenye kituo cha petroli kunywa chai. Said akapiga simu.

"Baba, bado yu hai?"

"Yu hai, anastarehe."

"Mfinye tu, baba. Mwambie mama kafika salama. Nani atakwenda Nizwa kumkagua?"

Nilisema hapana. Lakini ukweli ni kwamba nililifikiria jambo lile mpaka chai ikaisha.

Nilipofika Nizwa, Maalim alinipokea mlangoni.

"Karibu, yakhe. Huyu ndiye mgeni wako?"

"Malkia mstaafu."

"Afadhali yake. Mimi nimestaafu, hakuna aliyeniendesha mpaka Ibra."

Tulisali adhuhuri, tukala wali na nyama, kisha akanieleza mambo ya mzinga. Kizimba kiwekwe ndani, kimefungwa, siku chache. Nyuki humjua mtu kwa harufu. Waachwe wamnuse mpaka wamzoee. "Usimguse mpaka nirudi," akasema, maana alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuichanganya na adhuhuri, ni haki ya msafiri, kwa hiyo nikabaki.

Nikabaki na malkia na chetezo. Watu wa nyumbani walikuwa wameleta udi baada ya chakula, kama anavyofanyiwa kila mgeni, na mimi nilikwisha kufukizwa ndevu, kanzu na kilemba. Malkia hakufukizwa. Niliona si adabu. Mtu katawala, kauzuliwa, kasafiri, halafu aingie ufalme mpya akinuka gari langu? Nikakizungusha kizimba juu ya moshi mpaka akanukia kama bi harusi. Kisha nikaona si adabu pia mtawala kupokewa akiwa kifungoni. Nikafungua kizimba mlangoni pa mzinga, nikamwambia, tafadhali, pita.

Aliingia kwa miguu yake. Nyuki wakanyamaza kidogo, nikadhani wanasikiliza hotuba. Kisha wakamvamia kutoka kila upande, wakawa tonge moja linalovuma.

Maalim aliporudi alilipasua tonge lile kwa kijiti. Malkia alikuwa amekwisha kufa. Akamwinua, akamnusa.

"Umemfanya nini huyu?"

"Nimemfukiza."

Alikaa chini kwanza. "Kwa kufunguliwa mapema pengine wangemsamehe, mayatima hawa. Lakini wewe umewaletea mtu ananuka ugeni mpaka kwapani. Na kwa udi wangu wa Idi, wallahi."

Njiani kurudi nilitunga maneno: amefika, amepokewa, yuko kwa Maalim. Kila neno lilikuwa kweli, na nilipofika Sinaw nilikuwa nimekwisha kuyahifadhi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa pia kwamba heshima ile yote ilinipendeza mimi tu, yeye hakuiomba.

Ibra nilimkuta Bi Zuwena amekaa ukumbini.

"Walimpokeaje?"

Maneno yangu yakanikataa. "Walimuua," nikasema. "Kosa ni langu. Nilimfukiza udi, nikamfungulia kabla ya wakati."

Hakunigombeza. Alizikunja nguo zilizokuwa mapajani mwake mpaka zikaisha.

"Said kapiga simu," akasema. "Ati tuiuze nyumba hii, tukakae nao Sur. Chumba tayari, tutapewa heshima zote."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia namngoja mume wangu arudi Nizwa." Akanisogezea simu. "Mpigie. Mwambie heshima tumeiona Nizwa."