Mhojiwa wa Kumi na Nne

Juzi kwenye kaunta ya maktaba ya chuo kimoja mjini Kitui, nilisimama nyuma ya mama mzee aliyetoka Tseikuru. Mkononi alikuwa na fomu iliyokunjwa mara nne, yenye namba kumi na nne. Marehemu mumewe aliwahi kuhojiwa na mtafiti kuhusu ukame, akarekodiwa.

"Nataka tu kumsikia," alisema.

Karani aliikunjua fomu, akatafuta namba hiyo kwenye kompyuta. "Mama, sauti zilifutwa ili watu wasijulikane. Hata hiyo fomu inasema. Tuko na maandishi pekee."

"Basi nisomee."

Karani akasoma: "Mhojiwa wa kumi na nne: Mvua ilipokosekana nilibaki na ng'ombe mmoja, jina limefichwa."

Mama akalitaja jina la ng'ombe huyo polepole. Karani aliweka vidole kwenye kibodi, kisha akaviondoa.

Sina ugomvi na kanuni za utafiti. Siri ya mzee imetunzwa vizuri, na ya ng'ombe wake pia. Mama alikunja fomu yake mara nne, lakini hakuondoka.

"Nisomee tena hapo kwa ng'ombe," alisema.