Wimbo Uliochimba Shamba la Kona

Mama mkwe wangu alikuwa na sauti ya kukwaruza. Kwaya ya kanisa ilimkataa mara mbili. Lakini kwenye mwethya, kikundi chetu cha wanawake wa kuchimba mashamba kwa zamu, hakuna aliyeinua jembe kabla yeye hajaanza kuimba. Tumemzika mwaka huu, kabla ya mvua za mwezi wa nne. Watu wanaokuja kunipa pole husema alikuwa mama mzuri, nami naitikia kwamba ni kweli. Wakishaondoka ninabaki na wimbo wake mmoja. Siwezi kuueleza wimbo huo bila kueleza kosa langu, kwa hivyo nitaandika yote mawili.

Huku kwetu Kilungu mashamba yamelala ubavuni mwa mlima. Usipochimba fanya juu, mvua ya mwezi wa kumi na moja huja ikaondoka na udongo wako mpaka bondeni. Fanya juu ni mtaro wa kukatiza mteremko, na udongo wake unautupa upande wa juu uwe tuta. Mtu mmoja hawezi. Wanawake kumi na wawili humaliza shamba dogo kwa siku moja au mbili. Kila mwaka tulianza mwezi wa nane, tukaenda shamba hadi shamba. Aliyekosa siku tatu bila sababu aliondolewa, na shamba lake likarukwa.

Nazikumbuka asubuhi zile kuliko ninavyokumbuka shule, ambayo niliiacha darasa la nane. Chupa za chai zikipangwa kivulini. Majembe yakilia yakigonga mawe. Na mama mkwe mbele, leso imefungwa kiunoni, akitafuta mahali pa kuanzia.

Mwimbishaji wa mwethya hatungi peke yake. Ukiwa na neno juu ya mtu, unachimba ukimsogelea, unamwambia sikioni, na baada ya muda unalisikia likitoka limekuwa wimbo. Mvivu anaimbwa. Mchoyo anaimbwa. Aliyeleta muthokoi ambao haujaiva, mahindi yakiwa magumu kama kokoto, anaimbwa mpaka msimu uishe. Dawa ya kuimbwa ni kuja kesho yake na kuchimba kuliko wote. Na neno likishaitikiwa na watu limepita. Mwenyekiti anaweza kusema mpaka achoke, lakini uamuzi uko kwenye wimbo.

Mwaka mmoja jirani yetu, mwanamke wa rika langu, alikosa siku mbili. Shamba lake liko ng'ambo ya bonde dogo, kwenye kona, na ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote. Mume wake alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa avokado mwezi wa sita, akichuma za kuuza. Alilazwa, kisha akarudishwa nyumbani. Tukikutana na mke njiani tunamwuliza hali ya mgonjwa, naye anajibu, "Anaendelea." Nasi tukachukua kwamba anaendelea.

Siku ya tatu aliyokosa, nilichelewa kwa sababu nilipitia njia panda kununua chumvi. Nikamwona ameketi kwenye benchi la kibanda cha matunda, miguu ameinyoosha, anacheka na kijana wa boda boda. Nilikasirika. Mgongo wangu ulikuwa bado unauma kwa kazi ya jana. Nilipofika shambani nilikwenda moja kwa moja kuchimba karibu na mama mkwe.

"Mwaitu," nikamwambia, maana nilimwita hivyo, mama yangu. "Yule wa kona yuko njia panda. Amekaa kama bibi arusi, anacheka na watu wa boda boda."

"Umemwona wewe?"

"Kwa macho yangu."

Akachimba mara tatu, mara nne, kisha akaanza. Sitauandika wimbo wote. Ulisema kuna mwanamke ambaye jembe lake limeolewa na kutu, naye ameolewa na benchi. Sisi tukaitikia, "Mwache akae!" Tulicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Rudia hapo kwa benchi, mwaitu!"

Akarudia. Jioni mwenyekiti alifunga kazi kwa maombi, akasema, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha, kwamba shamba la kona tutaliruka.

Tulikutana tena Jumatatu, na yule mwanamke hakuja. Hapo mama mkwe akaanza kukosa raha. "Mtu akiimbwa huja," akaniambia tukirudi nyumbani. "Hata kama ni kuja kunitukana." Jumanne mchana alipakua muthokoi kwenye bakuli, akalifunika, akavuka bonde. Alirudi jua likizama, akaketi kwenye kigoda bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Ulimwona kwenye benchi," akasema. "Alikuwa akingoja nini?"

"Sijui."

"Hukumwuliza."

"Sikumwuliza, mwaitu."

"Mifuko ya mkojo ya mumewe. Huyo kijana wa boda boda ndiye humletea kutoka hospitali. Mume hawezi kusogeza kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili anatoka vidonda. Siku nzima, mahali pekee anapokaa chini ni kwenye lile benchi."

Akavua kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, "Na mimi nikamwimba." Hakusema kwamba maneno yalikuwa yangu. Afadhali angesema.

Jumatano tulikuwa kwenye shamba la mwenyekiti. Hakuna aliyemsogelea mama mkwe kumpa neno. Alianza polepole, akatufundisha kiitikio, ambacho kilikuwa kifupi sana: "Ni mimi." Alikiimba kwa Kikamba, na kwa Kikamba ni kitamu zaidi, lakini maneno yalikuwa haya:

Nani ameamka kabla ya jogoo? Ni mimi.
Nani amemgeuza mume, mzito kama gunia lililonyeshewa? Ni mimi.
Nani amefua blanketi tatu kwa mtungi mmoja? Ni mimi.
Nani amemgeuza tena? Ni mimi.
Nani husema "anaendelea" akipita njiani? Ni mimi.

Mwanzoni tuliitikia kwa nguvu, kama watoto wanaotegewa kitendawili. Kila jembe likishuka, ni mimi. Halafu yule aliyekaa chini kwa kicheko siku ile akaanza kuitikia kwa sauti ndogo. Mwingine akajifuta uso kwa leso, na halikuwa jasho. Kinywa kilikuwa kimeshasema "ni mimi" kabla kichwa hakijafikiri, na mgongo ukiuma hivyo huwezi hata kusema kwamba unadanganya. Wimbo ulipofika, "Nani amenyoosha miguu kwenye benchi dakika kumi?" sauti yangu haikutoka. Niliinama kama mtu anayetoa jiwe.

Mwenyekiti akasimamisha jembe. "Unamwimba nani?"

"Unamjua," mama mkwe akasema. "Ni yule uliyesema tumruke."

"Sheria ni siku tatu."

"Mama mwenyekiti," akasema mmoja kutoka nyuma, "wewe mwenyewe umeitikia. Nilikuwa karibu nawe, nimekusikia. Tena kwa sauti ya juu."

Watu wakacheka, na mwenyekiti naye akacheka, akichelewa kidogo. Ikapangwa twende kona Jumatatu iliyofuata.

Siku hiyo mwenye shamba alitoka nje akiwa na kitambaa kibichi mkononi. Alitutazama tukipanga mstari. Tulianza kuchimba, na wimbo ukaimbwa tena, wote. Ulipoisha akasema kutoka mlangoni, "Mmekosea. Blanketi ni nne. Na huyo mnayemwita gunia amekonda, akisikia atafurahi sana."

Tulicheka kwa nguvu kuliko tulivyokuwa na sababu. Mama mkwe akarudia ubeti ule na blanketi nne.

Nilipokwenda kunywa maji mlangoni pake, nilimwambia. "Ule wimbo wa benchi. Mama mkwe aliuimba, lakini maneno nilimpa mimi."

"Niliusikia," akasema.

"Uliusikia kutoka huku?"

"Upepo ulikuwa unatoka kwenu. Nilisikia wote. Na mume wangu alisikia. Akaniambia niende nikachimbe, nimwache hivyo alivyo mpaka jioni, atavumilia." Alikamua kile kitambaa ingawa hakikuwa tena na maji. "Nikamwambia nitaenda kesho. Siku zote nikamwambia kesho."

Nikamwomba msamaha. Alikuwa akiwatazama wale wanawake kwenye mstari.

"Unajua kumgeuza mtu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mwenyewe atakuelekeza. Nipe hilo jembe."

Akalichukua, akajifunga leso, akaingia kwenye mstari kando ya mama mkwe wangu. Mimi nikaingia nyumbani. Mume alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Hizo si hatua zake," akasema.

"Yuko shambani."

"Anafanya nini?"

"Anachimba."

"Basi fungua dirisha. Halafu unishike hapa kwenye nyonga. Usinivute mkono. Mguu wa juu utangulie."

Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu akageuka, na mimi nikawa nahema kama niliyepanda mlima. Sasa aliweza kuuona mteremko na mgongo wa mkewe kati ya wengine. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Anainua jembe juu mno," akasema. "Atachoka haraka. Amesahau."

Nikavuta kigoda karibu na kitanda, nikatazama saa kwenye simu yangu, nikakaa kungoja saa mbili zipite nimgeuze tena.