Kambale Wawili wa Namba Saba

Saa tatu asubuhi mjini Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, Rachelle anasimama, anaketi, anasimama tena. Kwenye kompyuta ya duka la kuchapa anakofanya kazi kuna makala kuhusu maji ya kunywa baada ya mafuriko ya mto Nyamwamba, na lazima ifike kwenye jarida la kisayansi kabla ya adhuhuri.

"Dada, si utume basi!" anahimiza Caleb, afisa wa afya kutoka Kasese aliyeiandika.

Rachelle hatumi ng'o. Kazi yake ni kupanga marejeo: kila chanzo kipewe namba yake, na mwishoni jina la mwandishi, kichwa na mwaka, vile jarida linavyotaka. Kazi ya orodha moja humpa shilingi elfu kumi, na kuna siku haji mteja hata mmoja.

Jarida lilishamrudishia Caleb makala mara moja kwa marejeo ya ovyo. Ikirudi tena, nafasi yake ya shahada ya uzamili imeota mbawa, maana chuo kinataka makala iliyokubaliwa.

Balaa liko kwenye namba saba. Caleb ameandika "Kambale J., 2019", kisha akaitumia kwa visima vya Maliba na pia kwa samaki wa Kahendero.

"Hawa beko watu wawili, kaka," anasema Rachelle, kidole kikigonga kioo.

"Aa, Kambale ni Kambale. Iko mutu moja tu."

"Wapi! Kwetu kila mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Niko na kaka Kambale, mujomba Kambale. Ukiita moja, wote banaitika!"

Kuwatenganisha si mchezo. Saba ikigawanyika, ya nane inakuwa ya tisa, ya tisa ya kumi, hadi mwisho, na Caleb alizipachika zote kwa mkono. Anakwenda mlangoni na kurudi, jasho likimtoka.

Rachelle anapiga namba ya simu iliyo kwenye jalada la utafiti wa visima ambao Caleb alikuja nao, akiweka spika ili wote wasikie. Anapokea Kambale Joram, mwalimu wa Maliba, na Rachelle anamuuliza kama ndiye pia aliyeandika kuhusu samaki wa Kahendero.

"Samaki? Mimi hata Kahendero sijafika," anasema. "Kumbe iko mutu alisoma ile kazi yangu? Nilijua ilioza kwa kabati."

Caleb anaketi. Uso umemshuka kwa aibu.

"Haya, dada," anasema taratibu. "Mimi natafuta namba, wewe unabadilisha."

Makala inaondoka adhuhuri ikiwa mlangoni. Hadi tunaandika habari hii, jibu halijaja, na Caleb anapiga simu dukani kila siku kuuliza.

Rachelle naye hana utulivu. Alikimbia vita kwao Butembo, Kongo, pamoja na wazazi wake, akiwa mwaka wa mwisho chuoni, utafiti wake wa magonjwa ya muhogo ukabaki nusu. Sasa anadunduliza karo arudi darasani.

"Ule utafiti nitaumaliza tu," anasema, tayari amefungua kazi ya mteja mwingine. "Nataka siku moja mutu nisiyemujua anipigie simu, aniulize kama ni mimi niliandika."