Jina la Baba Yangu

Shule niliachia darasa la nne, lakini nyumba ya kwanza ya ghorofa kwenye barabara yetu ya Majimbo, hapa Embu, niliijenga mimi. Nikitaka kitu, nakipata. Kwa hivyo mke wangu alipojifungua kijana wetu wa kwanza, nilijua atapewa jina la baba yangu, kama desturi yetu ilivyo. Mzee akakataa.

"Hilo jina liniishie mimi," aliniambia. "Kule kizuizini wakati wa mkoloni walikuwa wakiliita kila asubuhi, halafu ndiyo wananichapa."

Niliona ni maneno ya uzee tu. Nikachinja mbuzi wawili, nikaalika watu, nikamwinua mtoto juu na kulitaja lile jina kwa sauti kubwa.

Mzee aliruka kutoka kwenye kiti. Akasimama wima, mikono imebana mapajani, akajibu, "Ndiyo, afande!"

Wageni wakacheka, wakidhani anatania. Mama yangu hakucheka. Alimshika mkono akamketisha polepole. "Umeona sasa, mjuaji?" akaniambia.

Kulibadilisha siwezi. Ndugu zangu wanasema nikimvua mtoto jina la babu yake, ni kama kumtakia mzee kifo. Na mzee anaishi na sisi. Kijana sasa ana miaka sita, na nyumbani tunamwita "wewe" ama "kijana".

Majuzi aliniuliza, "Baba, mbona ni mwalimu peke yake ananiita jina langu?"

Mimi ambaye hata chifu namjibu, nilimwambia akamuulize mama yake.