Aliyevusha Watoto Miaka Sita, Kizibao Akavaa Mwingine

Saa moja kasorobo asubuhi. Ukungu bado umeshika kilima, na fuso lililosheheni mihogo linashuka kutoka upande wa Kibondo. Immakulata Ndayisaba (47) anaingia barabarani, ananyoosha mkono, anapaza sauti. Fuso linasimama. Hatua hamsini chini yake watoto wanavuka, wengine wakikokota baiskeli za baba zao.

"Mwakeye, Mama Tharsisi!" wanamwamkia kwa mbali.

Anaitikia, lakini macho yake yako kwa Fidele Stanislaus, kijana aliyewahi kuendesha bodaboda. Fidele amesimama kwenye kivuko, kizibao cha njano kifuani, kibao cha SIMAMA mkononi. Immakulata amejifunga kanga.

"Nilianza mimi," anasema mkulima huyo anayeishi nje kidogo ya mji wa Kasulu. "Lami ilipokuja, magari yakaanza kukimbia. Mwanangu Tharsisi akagongwa hapahapa, akalazwa miezi miwili. Tangu hapo, kwa miaka sita, sikukosa asubuhi. Hakuna aliyenituma."

Mwaka jana ukaja mradi wa usalama wa wanafunzi barabarani. Walimtaka mtu mmoja, aliyemaliza kidato cha nne. Immakulata aliishia darasa la nne. Fidele akapewa kizibao, kibao na posho.

"Niliona wivu, sikufichi. Watoto niliowashika mikono wakaanza kumwita 'Afande'. Nikasema haya, tuone."

Akabaki shambani. Kuna jambo alilijua, hakumwambia Fidele: siku ya mvua, lori linaloshuka haliwezi kusimama ghafla pale kivukoni. Yeye alikuwa akiyasimamisha malori juu zaidi, kwenye mkaratusi.

Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Lori likateleza. Fidele akamsukuma pembeni Esperance, mwanafunzi wa darasa la tano aliyekuwa akivuka na baiskeli. Baiskeli ikasagwa. Mtoto akavunjika mkono.

"Nilisikia kelele nikiwa na jembe. Nilijua kabla sijafika."

Jioni ile alikwenda kwa Fidele. "Nikamwambia, 'Mdogo wangu, nilijua. Nilinyamaza kwa sababu ya hicho kizibao.'"

Fidele anakiri kuwa alifoka. "Nilimwambia, 'Mama, mtoto angekufa!' Akalia sana. Nikamwomba anionyeshe pa kusimamia. Pale juu ndipo palipohitaji mtu anayeujua mteremko, nikamwachia."

Fidele alitaka wagawane posho. Immakulata alikataa. "Sitaki mabaki."

Je, wivu umeisha?

"Nani kakwambia? Kila wakimwita Afande, moyo unaniuma. Ila sasa unauma nikiwa hapa, siyo shambani."

Ana mpango wake. Atakata ukanda wa shamba lake uwe njia ya watoto, sambamba na barabara mpaka kwenye uzio wa shule, upana wa baiskeli mbili kupishana. Ofisi ya kijiji imeshapima, na akishavuna mihogo ataanza kufyeka. Watoto wa upande wake hawatagusa lami tena.

"Watapita kwangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Afande abaki na lami yake."